Shajara ya Mradi: Kipima Mitetemo cha Klabu ya Jiografia, Kigoma

Februari: kutafuta sakafu

Mradi huu ni wa klabu ya jiografia na fizikia ya shule yetu ya sekondari hapa Kigoma. Lengo lake ni kutengeneza chombo cha kunasa mitetemo ya ardhi kwa vifaa vinavyopatikana mjini, kisha kukitumia kufundishia namna mabamba ya gamba la dunia yanavyosogea. Anayeandika ni mwalimu mlezi wa klabu, ingawa vipimo vingi vimechukuliwa na wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne.

Tulianza na mahali kabla ya vyuma. Chombo chenye uwezo wa kuhisi msogeo mdogo kuliko unene wa unywele kikiwekwa juu ya sakafu ya kawaida kitaandika hatua za mpishi, mlango wa stoo na gwaride la asubuhi, na tetemeko likija litapotea humo. Tulichagua stoo iliyo upande wa mlimani, tukavunja kipande cha sakafu, tukachimba mpaka tukakuta mwamba, kisha tukamwaga zege moja kwa moja juu ya mwamba huo na kuacha mwanya pande zote ili zege lisigusane na sakafu. Mwanya ni wa upana wa kidole tu, na wanafunzi wa zamu wana kazi ya kuhakikisha hakuna anayeujaza takataka, kwa sababu kokoto moja ikikwama humo inatosha kuurudisha mtikisiko wa sakafu kwenye chombo.

Swali lililoulizwa zaidi katika vikao vya mwanzo lilikuwa kwa nini kazi hii ifanyike Kigoma. Jibu linaonekana dirishani. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina kinachofikia mita 1,470, na kwa kuwa uso wake uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, sehemu zake za chini kabisa ziko karibu mita 700 chini ya usawa huo. Hakuna mto unaoweza kuchimba namna hiyo. Sakafu ya ziwa ilishuka kwa sababu gamba la dunia lilivutwa pande mbili, likakatika kwa mipasuko mirefu, na kipande cha katikati kikazama huku kingo zikiinuka. Milima ya Gombe na ya Mahale ni sehemu ya kingo hizo. Chini ya maji kuna mashapo yenye unene wa kilomita kadhaa kabla ya kuufikia mwamba, kwa hiyo bonde lenyewe ni refu kwenda chini kuliko kina cha maji kinavyoonyesha.

Mto Malagarasi unatoa ushahidi mwingine ambao kwa maoni yangu unafundisha vizuri kuliko mchoro wa kitabuni. Wanajiolojia wanauona kuwa mto wa kale kuliko ziwa, ambao yamkini ulikuwa ukielekea magharibi na kuungana na mfumo wa mto Congo kabla bonde halijazama na kuukata njiani. Miongoni mwa samaki wake wamo walio na ndugu katika Congo ambao hawamo ndani ya ziwa. Mwanafunzi ambaye baba yake anavua Malagarasi alielewa hoja hii kabla sijaimaliza, na siku hiyo yeye ndiye aliyewafafanulia wenzake.

Machi: fremu, uzito na koili

Kanuni ya chombo ni rahisi. Kitu kizito kilichoning'inizwa hukawia kufuata ardhi inapotikisika, kwa hiyo tofauti kati ya mwendo wa ardhi na utulivu wa kitu hicho inaweza kupimwa. Ugumu ni kwamba pendulamu ya kawaida ya urefu wa sentimita 60 hukamilisha mzunguko kwa sekunde moja na nusu hivi, na hukawia kwa mitikisiko ya haraka peke yake. Mawimbi ya tetemeko la mbali huja polepole, na pendulamu hiyo huyafuata tu pamoja na ardhi bila kuonyesha lolote. Dawa yake ni kuilaza pendulamu. Fimbo ya chuma inaegemea nguzo kwa ncha moja, waya kutoka juu ya nguzo unashikilia ncha ya pili yenye uzito, na nguzo inainamishwa mbele kidogo sana. Mwinamo wa digrii moja hufanya fimbo hiyohiyo ya sentimita 60 ichukue karibu sekunde 12 kukamilisha mzunguko.

Fremu ilichomelewa na fundi wa madirisha wa Mwanga, hapa mjini Kigoma, ambaye alipoambiwa kwamba nguzo haitakiwi kupinda hata kidogo aliuliza kama tunatengeneza mizani ya dhahabu. Uzito ni mawe ya mizani yaliyostaafu dukani. Sumaku imetolewa katika spika mbovu, na koili ilisukwa na fundi wa kusuka mota kwa waya mwembamba wa shaba. Fimbo inapocheza, koili hupita mbele ya sumaku na kuzalisha umeme mdogo mno, ambao saketi huukuza na kompyuta mpakato ya zamani huuandika kama mstari. Umeme ukikatika, betri ya sola inaendelea.

Kazi iliyochukua muda ni kusawazisha. Chombo kimesimama juu ya bolti tatu, na bolti ya nyuma ndiyo inayoamua mwinamo. Ukiizungusha robo mzunguko, ukasubiri fimbo itulie, ukapima kwa saa muda wa mizunguko kumi, utaona tofauti. Ukizidisha, fimbo inaanguka upande mmoja na kukataa kurudi katikati. Wanafunzi wa kike wawili wa kidato cha tatu wana mkono mwepesi kuliko sisi sote katika kazi hii, na bolti hiyo sasa ni yao.

Aprili: mawese na shaba

Pendulamu ikishasukumwa huendelea kucheza hata ardhi ikiwa imetulia, na mstari unaoandikwa baada ya hapo ni habari za pendulamu yenyewe. Lazima pawepo kitu cha kuizuia ili isimame mara msukumo unapokwisha. Njia ya zamani ni kuning'iniza bapa chini ya fimbo na kulizamisha katika mafuta mazito, na kwa kuwa tuko Kigoma, pendekezo la mawese lilikuja kabla sijauliza.

Niliwaacha wajaribu, kwa sababu jaribio hilo lina somo ndani yake. Mchana mawese yalikuwa mepesi na fimbo ikapita kwa hiari. Alfajiri yalikuwa yameanza kuganda na fimbo ikashikwa. Tulipolinganisha michoro ya mchana na ya alfajiri, ilionekana kana kwamba ardhi ya Kigoma hutulia usiku na kuamka saa tatu asubuhi. Wanafunzi waliona wenyewe kwamba kipimo kinachobadilika na hali ya hewa hakiwezi kulinganishwa na cha jana. Tuliishia na bamba la shaba linalopita katikati ya sumaku mbili bila kuzigusa: mwendo wa bamba huzalisha mikondo ya umeme ndani ya shaba, na mikondo hiyo hupinga mwendo ulioizalisha, huku sumaku zikiwa palepale. Hakuna kinachoganda wala kumwagika, na mawese yalirudi jikoni.

Mei: tofali na mpira wa baiskeli

Chombo kikiwa kinasubiri saketi mpya, tulirudi darasani kwa swali la msingi: mabamba yanayosogea milimita chache kwa mwaka yanawezaje kuangusha nyumba kwa sekunde chache?

Tuliweka tofali juu ya ubao mrefu, tukalifunga kwa kamba ya mpira wa ndani wa baiskeli, na mwanafunzi mmoja akavuta kwa mwendo uleule bila kukatiza. Tofali halikusogea. Mpira ulirefuka, ukaendelea kurefuka, kisha tofali likaruka ghafla na kutulia, na mpira ukaanza kurefuka upya. Hivyo ndivyo Harry Fielding Reid alivyoeleza tetemeko la San Francisco la mwaka 1906 baada ya kulinganisha vipimo vya ardhi vya kabla na baada yake: miamba ya pande mbili za mpasuko hushikana kwa msuguano, hupinda kwa miaka mingi, na msuguano unaposhindwa hujirudisha kwa mkupuo. Tofali halikuruka kwa umbali sawa kila mara, wala muda kati ya mruko mmoja na mwingine haukulingana, ingawa mvutaji alikuwa yuleyule. Kwa sababu hiyo huwa siamini ujumbe unaosambazwa simuni ukitaja siku na saa ya tetemeko lijalo. Sayansi inaweza kusema ni eneo gani lina hatari kubwa kwa miongo kadhaa; siku haijui.

Kuhusu mabamba yenyewe, tulikwenda polepole. Alfred Wegener alitoa hoja ya mabara kuhama mwaka 1912, akapingwa kwa sababu hakuwa na nguvu ya kuaminika ya kuyasukuma, na alifariki Greenland mwaka 1930 kabla hoja yake haijakubaliwa. Ushahidi uliowashawishi wengi ulitoka chini ya bahari katika miaka ya 1950 na 1960. Vitabu vingi vya shule hueleza nguvu hiyo kwa mchoro wa joto linalopanda na kushuka chini ya gamba na kuyabeba mabamba mgongoni, na mchoro huo mimi naona unapotosha kidogo, kwa sababu duniani kote sehemu kubwa ya mvuto hutokana na mabamba mazito ya baharini yanayozama kando ya mabara kama yale ya pembezoni mwa Pasifiki. Afrika imezungukwa zaidi na migongo ya bahari, yaani safu za milima chini ya maji ambako mabamba huachana, na haina sehemu nyingi ambako bamba huzama namna hiyo. Hapa kwetu joto kutoka chini limeinua nyanda za juu za Afrika Mashariki, na nyanda hizo, kwa uzito wake, huelekea kujitandaza.

Matokeo ni kwamba upande wa mashariki wa bara, unaoitwa bamba la Somalia, unaachana na upande wa magharibi, bamba la Nubia, kwa takriban milimita 6 hadi 7 kwa mwaka kule Ethiopia, na kwa kasi ndogo zaidi kadiri unavyokuja kusini. Ufa haukupita mstari mmoja. Ulipofika katika uwanda wa Tanzania ulikuta kipande cha gamba chenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, kinene na kigumu, ambacho granaiti za Tabora ni sehemu yake, na ukagawanyika kama jembe linavyopita pembeni mwa kisiki: mkono mmoja ukashuka kupitia maziwa ya Natron na Manyara, mwingine ukazunguka magharibi kupitia maziwa ya Albert, Kivu na Tanganyika. Vipima mitetemo vilivyosambazwa nchini mwaka 1994 na 1995 vilionyesha kwamba kipande hicho cha kale kina mizizi mirefu inayoingia ndani sana kuliko gamba lenyewe. Kwa hiyo anayepanda treni Kigoma na kushuka Tabora ametoka ukingoni mwa ufa na kufika juu ya kisiki, ingawa dirishani ataona miombo tu.

Juni: kukusanya kumbukumbu za mwaka 2005

Tarehe 5 Desemba 2005, muda mfupi baada ya saa tisa alasiri, tetemeko lenye ukubwa wa 6.8 lilitokea Ziwa Tanganyika, kusini mwa hapa. Lilihisiwa mpaka Dar es Salaam na Nairobi, na upande wa Congo, Kalemie, nyumba zilianguka na watu walifariki. Wanafunzi wetu walikuwa hawajazaliwa, lakini wazazi wao wanalikumbuka, na kumbukumbu hizo ni data kama zikiulizwa vizuri.

Tuliandaa maswali mafupi kwa kufuata ngazi za Mercalli, ambazo hupima athari mahali ulipo na hazipimi nguvu ya tetemeko lenyewe: ulikuwa wapi, umesimama au umeketi, vyombo vilifanyaje, ukuta ulipata nyufa au la. Tuliwaonya wanafunzi wasimpe mtu jibu mdomoni. Mvuvi mmoja mzee wa Kibirizi, baada ya kuamkiwa shikamoo na kuitikia, alisema, "Wajukuu zangu, mimi nilikuwa nimekaa nashona nyavu. Kwanza kama lori limepita nyuma ya nyumba, nikageuka kulitazama. Sikuliona. Ndipo ardhi yenyewe ikaanza kwenda huku na huku, nikashika mchanga."

Maelezo yake yana thamani ya pekee kwa sababu ya lile lori. Mawimbi ya kwanza ya tetemeko, tunayoyaita P, husukuma na kuvuta mwamba kuelekea yanakokwenda, nayo hukimbia takriban kilomita 6 kwa sekunde katika gamba. Mawimbi ya pili, S, huutikisa mwamba kwa kukatisha upande, ni mazito zaidi kwa majengo, na huenda kilomita 3.5 hivi kwa sekunde. Kitovu kilichokadiriwa kiko karibu kilomita 150 kutoka mjini kwetu, kwa hiyo P zilihitaji kama sekunde 25 kufika na S kama sekunde 43. Mzee alikuwa na sekunde zipatazo 18 za kugeuka na kutafuta lori.

Walikuwapo waliohusisha tetemeko na kupanda kwa maji ya ziwa kuanzia mwaka 2020, yaliyofunika mialo na nyumba za ufukweni, na jambo hilo tulilishughulikia mara moja. Mabamba hutembea milimita. Maji yale yalipanda kwa sababu ya mvua nyingi zilizoingia katika ziwa ambalo lina njia moja tu ya kutokea, mto Lukuga.

Julai: mchoro wa kwanza wenye maana

Chombo kinaandika mfululizo. Sehemu kubwa ya kinachoandikwa ni kelele, na klabu imejifunza kuzitambua kwa sura. Malori ya bandarini hutoa mchoro mnene usio na mwanzo wala mwisho ulio wazi. Treni huanza taratibu, hukua, kisha hufifia. Mtu anayeingia stoo huonekana kama vijiti vilivyopangwa kwa nafasi sawa. Pepo za kusini-mashariki za msimu huu zinapovuma, mstari mzima unanenepa kidogo, na tunashuku kwamba ni mawimbi ya ziwa yanayopiga mwamba wa pwani. Tutajua zaidi tukilinganisha na siku shwari za mwezi wa kumi.

Kisha, usiku mmoja, ukatokea mchoro wa namna nyingine: mwanzo mkali, mtikisiko mdogo wa haraka, na baada ya sekunde kama 20 mtikisiko mkubwa zaidi na wa polepole uliofifia kwa dakika moja na zaidi. Hakuna hata mmoja wetu aliyehisi chochote. Tulimwita msichana wa zamu apige hesabu ubaoni mbele ya wote. Kila sekunde ya tofauti kati ya P na S ni takriban kilomita 8 za umbali, kwa hiyo chanzo kilikuwa umbali wa kilomita 160 hivi. Alichukua bikari, akaiweka Kigoma kwenye ramani, akachora duara. Duara lilipita karibu na Bujumbura kaskazini, likaingia milima ya Congo, likakata ziwa kusini karibu na Mahale, likarudi kupitia mabwawa ya Malagarasi.

"Sasa ni wapi, Mwalimu?" aliuliza mmoja. Hapo ndipo kituo kimoja kinapofika mwisho wa uwezo wake. Kituo cha pili kingetoa duara la pili na makutano mawili, na cha tatu kingechagua moja. Tungeweza kubashiri ziwani, kwa kuwa ndiko mipasuko hai iliko, lakini niliwazuia wasiandike bashiri katika safu ya vipimo.

Mchoro huo ulizaa pia mjadala wa ukubwa. Kipimo alichokianzisha Charles Richter mwaka 1935, na vile vilivyokifuata, hupanda kwa namna ambayo nambari moja zaidi ina maana ya mtikisiko mara 10 na nishati takriban mara 32. Tetemeko la Rukwa la tarehe 13 Desemba 1910, linalokadiriwa kuwa na ukubwa wa 7.4 hivi, ndilo kubwa kuliko yote yaliyorekodiwa Afrika Mashariki katika karne ya 20. Lile la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa na ukubwa wa 5.9, likiwa limetoa nishati ndogo kwa zaidi ya mara 20 kuliko letu la 2005. Hata hivyo liliua watu wasiopungua 17 na kuharibu maelfu ya nyumba. Kina chake kilikadiriwa kuwa kama kilomita 40. Katika sehemu nyingi za dunia gamba kwa kina hicho lina joto na hulainika, halikatiki kwa kishindo, lakini gamba la huku ni la kale na limepoa, na hubaki gumu mpaka chini.

Agosti: kuta

Hesabu ya Kagera ilitupeleka kwenye majengo, na sikutaka kuiepuka. Wanafunzi walizunguka mitaa yao wakichora nyumba: matofali ya kuchoma yaliyojengwa kwa udongo, kuta ndefu zisizo na lenta inayozunguka nyumba nzima, na pembetatu ya ukuta chini ya paa ambayo haijafungwa na chochote. Pembetatu hiyo ndiyo huanguka mapema, na mara nyingi huangukia nje, kule watu wanakokimbilia. Lenta ya zege yenye nondo inayozunguka kuta zote juu ya milango ni gharama ambayo mwenye nyumba anaweza kuielewa fundi akimweleza, na mafundi wawili wa Gungu wamekubali kuja kuzungumza na klabu.

Udongo pia una neno lake. Mitetemo ikitoka kwenye mwamba na kuingia katika mashapo laini hupungua kasi na kukua, kwa hiyo nyumba iliyo katika ardhi tambarare kuelekea Ujiji na bonde la Luiche inaweza kutikiswa kuliko nyumba ya namna hiyohiyo iliyo mlimani, kwa tetemeko lilelile. Tunataka kulipima jambo hili sisi wenyewe, na chombo cha pili kinaandaliwa kwa ajili hiyo.

Hali ya kazi kwa sasa: fremu ya pili imekwisha kuchomelewa, koili yake bado iko kwa fundi wa mota. Itakaa kwanza pembeni mwa ya kwanza, juu ya zege lilelile, ili tuone kama vyombo viwili vinaandika mstari mmoja. Baadaye itapelekwa Ujiji. Mwalimu mwenzangu wa Tabora ameomba ya tatu, aiweke juu ya granaiti, kilomita zipatazo 350 kutoka hapa kwa mstari ulionyooka. Hapo saa za kompyuta zitahitaji kurekebishwa kwa setilaiti, kwa sababu kosa la sekunde moja kati ya vituo huhamisha chanzo kwa kilomita 6 au zaidi. Kifaa cha kupokea saa hiyo kimeagizwa, na kinasubiriwa kwa treni ya wiki ijayo.